Ndoo iko muntu

Mutoto wangu, weye banakuita Mujinga, jambo sana huko Mitwaba. Miye iko muzima. Kaka yako Kisimba anaandika, miye ninasema.

Hapa Elisabethville kuko joto na vumbi, midomo yangu imepasuka. Mu mutaa wa Kisimba banakunywa maji ya mashini ya upepo: gurudumu ya mabati inazunguka juu, maji inapanda mu tanki. Upepo ikikufa, maji inaisha.

Jana asubuhi nilikuta ndoo tupu zimepangwa pa robine, pale maji ya tanki inatokea, bantu hakuna. Nikasukuma ile ya mbele, nikaweka yangu. Mwanamuke moja akatoka mbio mu nyumba yake: "Mama, unasukuma muntu! Pa robine yetu, ndoo iko muntu!"

Nikamujibu: "Muntu gani hana kichwa?"

Akacheka, lakini ndoo yangu akairudisha nyuma kabisa. Kufika zamu yangu, upepo ikakufa, robine ikakauka. Ule ule mwanamuke akamimina nusu ya maji yake mu ndoo yangu. Hata jina langu hajui.

Mujinga, weye ulitupa nyungu ya maji ya Numbi, ule bibi mudogo wako alioa, kule ku chemchem, ati yeye iko mugeni, muntu wa Kilwa. Niliona, nikanyamaza. Nilifanya mubaya. Uende kumwita weye mwenyewe, uweke nyungu yake mbele ya yako.

Ninakupenda, hata na hii kichwa nguvu yako ya kubisha. Lakini siku nitafika na kiu yangu, maji nitakunywa itakuwa ya nyungu ya Numbi.

Mama yako