Baba Bado Analipia Mkate

Mwaka umetimia, Mama, tangu ututoke asubuhi ile ya Jumanne, na mkate wako bado unanukia hadi barabarani hapa Matisi. Tumeanza na hilo kwa sababu tunajua ndilo ungeuliza kwanza.

Wewe, Viola Jerono, ulianza na sufuria moja, makaa chini na makaa juu ya kifuniko, ukiwapikia watoto wa shule keki. Kisha wewe na wenzako tisa wa kikundi mkadhaminiana, mkapata mkopo, mkaenda Kanduyi kule Bungoma wiki nzima kufunzwa biashara. Ulirudi na cheti. Oveni ilipofuata, uliwafokea vijana waliokuwa wakiishusha kwenye pikapu kana kwamba wamebeba mtoto mchanga.

Mwalimu wenu, Bwana Wekoye, alikuwa amewaambia kwamba biashara haikui ikiwa watu wa nyumbani wanakula bure. Wenzako waliitikia kwa kichwa, wakarudi kuwalisha mabwana zao kama kawaida. Wewe ulilichukua somo lilivyo. Kesho yake Baba alinyoosha mkono achukue mkate wa chai, ukauvuta.

"Baba Joan, wewe pia ni kastoma," ulimwambia.

Alidhani ni mzaha. Alikunywa chai bila kitu siku tatu, amenuna, na siku ya nne akaja kwenye dirisha ulilokuwa ukiuzia na pesa mkononi, akaomba apunguziwe. Ulikataa, na toka siku hiyo akalipa kila asubuhi. Hata mchungaji alipokuja kutuombea alilipa, na mwanao Kipngeno akaona aibu mpaka akajificha nyuma ya nyumba.

Tulikuona mchoyo, Mama, utusamehe. Ni wewe huyo huyo uliyemfunza jirani yetu Nyambu kukanda unga bila kumdai chochote, na leo ana kibanda chake sokoni Misikhu. Ulikuwa ukiimba nyimbo za kanisa ukikanda, ukikosea maneno kila ubeti, na ole wake aliyekurekebisha. Tunacheka bado.

Ulipolazwa, kila siku ulituuliza ni nani atakayewasha oveni. Joan alikuwa amepanga kwenda Eldoret kutafuta kazi ya ofisi. Ukaondoka bila kupata jibu, na hilo lilituuma sana.

Wiki moja baada ya mazishi oveni ilikuwa baridi, na mtu mmoja alikuwa amefika kuipima ainunue. Tulikuwa karibu kukubali. Hapo Baba akaja dirishani, saa ile ile yake ya kila asubuhi, pesa mkononi.

"Nipe mkate," alimwambia Joan.

Joan akamweleza kwamba hatujapika.

"Sawa. Nitangoja."

Akavuta kiti, akaketi. Joan akaingia ndani akafunga aproni yako. Mkate ule wa kwanza uliungua chini, na Baba akaulipia bei kamili. Yule mnunuzi alienda zake.

Wenzako wa kikundi, wakiongozwa na Mama Wahu, walikataa kumpa mtu mwingine nafasi yako. Walisema ina mwenyewe. Leo anaikalia Joan, na mwezi uliopita alirudi kutoka Kanduyi na cheti chake. Mwalimu Wekoye alimuuliza kama yeye ni binti wa yule mama aliyemlipisha mchungaji, na darasa zima likacheka. Joan anasema hajawahi kujivunia kitu hivyo.

Ibada ya shukrani itakuwa Jumapili, nyumbani Matisi. Chai ni ya bure. Mkate utauzwa kama kawaida, na mchungaji ameshasema atakuja na pesa zake.

Unakumbukwa kwa upendo na mume wako Bethwel Kipngetich, wanao Joan Jepchumba na Kipngeno, mkaza mwanao Chelagat, mjukuu wako mdogo Jerono aliyepewa jina lako, na akina mama wote wa kikundi.

Uliuliza ni nani atakayewasha oveni. Ina moto, Mama. Siku zote tutakukumbuka.