Chai ya Moto Hotelini Garsen

Garsen, Jumamosi, 1956

Tambi tulizoletewa zilikuwa na nyama na pilipili badala ya sukari, nasi tukacheka. Mimi na mdogo wangu Komora hatukuwahi kula katika hoteli ya Msomali kabla ya leo.

Kisha ikaletwa chai katika vikombe vya bati. Changu nilikigusa nikakiachia papo hapo. Komora alikifumbata chake viganjani, akawa anaipuliza chai.

"Hakikuchomi?" nikamuuliza.

"Kimepoa, kaka."

Hakikuwa kimepoa. Niliushika mkono wake nikaona kiganja kimebabuka, na yeye hana habari. Marehemu baba alianza hivyo hivyo, kabla ukoma haujamla vidole.

Nikamwambia kesho twende Lamu kwa daktari. Hakuuliza kwa nini. Aliingiza mikono chini ya meza, akanisihi nisimwambie mkewe.