Rahma na Malta Yake

Jumapili, 5 Oktoba
Kazini, kuchukua dawa za Mama, kisha nyumbani, mtaa wa Ghubra. Nilikuwa namkanda Mama magoti, mdogo wangu Rahma akapiga simu kutoka Malta. Mama akaniambia niache, anataka kusikiliza. Rahma kenda kusoma, hana muda mrefu kule, lakini keshajua kila kitu. Eti kisiwa kidogo kuliko Unguja na ni nchi kamili. Hakina mto. Gari zinapita kushoto, kama Zanzibar. Nyumba za mawe, rangi ya asali.
Nna wivu. Basi, nimeandika.

Jumanne, 7 Oktoba
Leo Rahma kapiga tena, habari ilikuwa lugha. Wamalta ni Wakristo, lakini Mungu wanamwita Alla, na maneno yao mengi ni Kiarabu kilichokatwakatwa. Mama kacheka mpaka machozi. Mimi ndiye ninayempikia, na simchekeshi hivyo.

Ijumaa, 10 Oktoba
Shangazi kaja kula. Mama hana jengine ila Malta. Mji mkuu mdogo, unaumaliza kwa miguu. Ngome kila upande. Feri ya kwenda kisiwa cha pili, Gozo.
Shangazi kaniuliza, "Na wewe, huendi popote?"
Nikenda jikoni. Sikuwa na kazi jikoni.

Jumatatu, 13 Oktoba
Rahma anamtaka Mama akakae naye msimu wa baridi. Mama peke yake. Nikamwambia Mama mji ule ni ngazi tupu, magoti yake hayawezi. Kweli ni ngazi tupu. Lakini sikusema kwa ajili ya magoti. Chakula cha usiku Mama hakukigusa.

Jumanne, 14 Oktoba
Nimemwambia. "Mama, nilisema vile kwa wivu."
Kasema, "Nnajua. Mimi nimekuzaa."
Hakukasirika. Kasema atakwenda, na ngazi atazipanda polepole. Nimeanza kumshughulikia viza. Bado nna wivu.

Jumapili, 30 Novemba
Mama yuko Malta tangu Ijumaa. Nyumba kimya. Nilidhani naitamani Malta. Kumbe nilikuwa namtaka Mama anisikilize mimi vile.
Kapiga simu jioni. Mvua inanyesha kule, Rahma kalala. Nikangoja anihadithie ngome na kanisa. Hakuhadithia.
"Wewe hebu nambie," kasema. "Leo kazini ilikuwaje?"
Nikakaa kitako nikamwambia.