Senene wa Sokoni

Alhamisi, 14 Novemba. Asubuhi ukungu, kisha manyunyu hapa Mbuya.

Musa bado anang'ang'ania nisiende Masaka kwa dada yangu Zaina msimu huu wa senene. Eti goti langu halitaiweza safari ya basi. Leo mwanangu huyo ameniletea kopo la senene wa sokoni, waliokwisha kukaangwa. "Mama, msimu umekufuata nyumbani. Safari ya nini tena?"

Nimeonja. Wametiwa mafuta ya kununua! Senene hukaangika kwa mafuta yao wenyewe.

"Wewe ulifundishwa na nani kukaanga senene, Musa?"

Akacheka. "Na wewe na Mama Mkubwa, kule Masaka."

"Na wanao watafundishwa na mwenye kopo?"

Akalifunika kopo.

Ninachoogopa si goti. Zaina amezeeka. Kila Novemba tunanyonyoa mabawa pamoja, tukibishana nani mvivu, na ipo siku mmoja wetu ata...

Musa amekubali niende. Jumamosi nitakaa kiti cha mbele, na wanawe wawili watanisindikiza. Mkoba uko tayari, kitenge nitakachompelekea Zaina kiko juu.

Goti limeniuma nikipanda kitandani. Hilo halimhusu Musa. Saa nne na nusu, nalala.