Wadi Uliyoikata Mtoni

Baba Moraa,

Wewe mwanaume una kichwa kigumu hata ukiwa chini ya udongo! Miaka yote hii nimekunyamazia. Nikiingia shambani kwa majani chai asubuhi, ukungu haujaondoka, nakusikia ukikohoa mistari miwili mbele yangu, kile kikohozi chako cha kabla ya kuhutubia. Nikisimama, kimya. Nikichuma, unakohoa tena. Na tangu Jumapili umezidi, kwa sababu Jumapili ndugu yako Nyakundi alikufa. Mimi shule niliionja tu, barua hii naiandika polepole, lakini leo utanisikiliza.

Unakumbuka wadi ilipokuwa moja? Kutoka kilima chetu hadi kilima cha Nyakundi, mto katikati, na hakuna mtu aliyeuita mpaka. Ulikuwa diwani wa wote. Wanawake wa ng'ambo walikuja na ndizi zao, tukamenya pamoja jikoni, wewe sebuleni ukiahidi barabara. Uliahidi barabara sana, Baba Moraa.

Ndipo ikaja ile kura ya mlolongo. Kila mtu akapanga foleni nyuma ya mtu wake pale uwanja wa shule, mchana kweupe. Nyakundi akasimama nyuma ya yule mwalimu, mpinzani wako. Nikauona uso wako ukizima. Na ulishinda! Ungeshindwa ningekuelewa. Jioni alikuja kwetu, akakuamkia vizuri, akasema, "Omogaka, mzee wangu, mimi nilichagua barabara. Wewe ni ndugu yangu hata bila kura."

Ukamjibu, "Umenipa mgongo mbele ya watu."

Chai niliyommiminia aliiacha mezani. Hakukanyaga tena kwetu.

Watu wa kugawa wadi walipokuja, uliwatembeza mwenyewe, gambuti miguuni, fimbo mkononi. "Mpaka upite mtoni," ukasema. Nilikuwa hapo hapo nafua, na hukunitazama. Shamba la baba yenu likakatika kama mkate. Shule ikabaki huku, zahanati ikabaki kule, na daraja la magogo likawa halina mwenyewe. Likioza, mkubwa wa huku anaonyesha kidole ng'ambo, wa ng'ambo anaonyesha huku, na wajukuu wako wanavuka wakishikana mashati. Siku hizi diwani anaitwa MCA, wadi zimepewa majina mapya, lakini laini yako haijasogea. Watoto wamekua wakisema "wale wa ng'ambo", kumbe ni binamu zao.

Na mimi nawakumbuka nyinyi wawili kabla ya siasa. Nilipoolewa, mlinibebea mitungi kutoka mto huo huo, wewe na Nyakundi, vijana wakiwazomea kwamba mmekuwa wanawake. Nyakundi akawajibu, "Nyinyi mna wivu, hamna shemeji!" Ulicheka mpaka maji yakamwagika.

Sasa sikia aibu. Kwetu kaburi huchimbwa na vijana wa ukoo. Nyakundi alizaa wasichana tu, kwa hivyo jembe ni la wanao. Jana nikamwita Momanyi, mwanao mkubwa, nikamwambia avuke. Huyo naye anataka kuwa MCA wa huku. Akakuna kichwa.

"Mama, watu wangu wakiniona nachimba kule watasema nimeuza wadi. Kuna vijana wa kukodi."

"Wa kukodi? Kumchimbia baba yako mdogo? Huna haya wewe?"

"Hata mzee hakuvuka," akasema.

Hata mzee hakuvuka. Nikamwacha hapo, Baba Moraa. Nikaenda kwa majani. Ukungu ulikuwa mzito, nawe ukaanza kukohoa upande wa mtoni, ukaenda na ukingo, ukarudi, ukaenda tena. Hapo ndipo nikaelewa kwa nini hulali. Unataka kwenda kwa ndugu yako, na laini uliyoichora mwenyewe inakuzuia.

Nimechoka na wewe. Nakupenda, lakini nimechoka. Kaburi linachimbwa kesho asubuhi. Momanyi asipovuka, nitashika jembe mimi mwenyewe na hili goti langu, watu wa wadi zote mbili wanione.

Toka shambani kwangu. Mwendee mwanao kabla hajavaa viatu, umwambie kwa mdomo wako kwamba ulikosea. Kisha uvuke.

Mke wako,
Mama Moraa