Wafiwa Kwanza, Papa Ngoy

Papa Ngoy,

Nimeivunja programu yako. Naanza na hilo maana najua ungeniuliza hilo kabla hata ya hali yangu. Ile programu moja kubwa uliyoiandika peke yako, iliyobeba depo nzima, ghala letu la chakula, mahindi ya Kaniama, samaki wakavu wa Mulongo, kinu na foleni ya unga, haipo tena. Nimeigawa vipande. Kila kipande kina kontena yake, yaani kisanduku chenye kila kinachohitajika ili kipande hicho kifanye kazi popote kitakapowekwa. Nikibadilisha kitu, mashine yenyewe inakijaribu, na kikifaulu inakipeleka kazini bila mimi kukisimamia.

Ungecheka. Wewe ulikuwa unangoja Jumamosi mchana, unawatoa watu wote ofisini, unafunga dirisha la kugawia unga, kisha unaweka badiliko moja huku mkono mwingine umeshika rozari mfukoni. Tukigusa samaki, mahindi yanaanguka. Miaka yote niliyojifunza kazi kwako nilikuomba tuigawe, na jibu lako lilikuwa lile lile: "Kabange, weye unaona masini. Miye naona bantu." Nilikasirika. Niliuona ukaidi wa mzee tu. Wiki ile kabla hujalazwa hatukusalimiana vizuri, na jambo hilo linaniuma mpaka leo.

Nilipokuwa navunja, nilikuta amri fupi isiyo na maelezo: jina likiwekewa herufi K, lipande juu ya foleni. Nilitafuta sababu, sikuiona. Nikadhani ulikuwa unawapitisha jamaa zako. Ndiyo, Papa, nilikuwazia hivyo. Ningeweza kumwuliza Mama Odette, karani wetu wa dirishani, lakini mtaalamu sasa ni mimi, nimwulize nini? Nikaifuta. Majaribio yote yakapita, nikaenda kunywa chai yangu.

Wiki ya pili alikuja mama mmoja aliyefiwa na mume asubuhi hiyo. Watu walikuwa wamekwisha kujaa uani kwake na unga wa bukari, ugali wetu, hakuna. Mama Odette akabonyeza K kama alivyozoea, mashine ikamweka yule mama mwisho wa foleni. Akabonyeza tena. Halafu akaja mlangoni kwangu, akasema polepole: "Kabange, masini inakatala kilio."

Hapo nikaelewa: K ni kilio, ni msiba. Nyumba yenye kilio haipangi foleni, depo nzima inajua. Uliandika tu walichokuwa wakifanya watu, na haikukupitia akilini kwamba siku moja atatokea mtu wa kuhitaji kuelezwa.

Yule mama tulimpa unga kwa mkono. Waliokuwa mbele yake walimpisha wenyewe, hakuna aliyelalamika. Mimi nilifunga mlango nikalia, na si kwa sababu ya kosa peke yake. Nilikumbuka kilio chako, siku ulipotutoka. Mimi ndiye niliyetumwa kuchukua unga, foleni ilikuwa imefika barabarani, na jina letu likaitwa kabla sijapata pa kusimama. Nilidhani ni huruma ya Mama Odette. Kumbe ni wewe uliyetutolea unga wa kilio chako mwenyewe, na mimi nikaja kuifuta ile amri nikiiona uchafu.

Nimeirudisha, Papa. Ina kontena yake, na juu yake nimeandika kwa maneno ya kawaida ni ya nini na aliyeileta ni nani. Tena badiliko lolote, la yeyote, linaanza na jaribio moja: mashine inaweka mfiwa kwenye foleni na kuangalia kama anahudumiwa wa kwanza. Asipokuwa wa kwanza, hakuna kinachokwenda kazini.

Juzi nilikuwa na haraka na badiliko la samaki. Likakwama. Mfiwa alikuwa ametupwa nafasi ya nne kwa uzembe wangu. Nilikaa nikiitazama ile alama nyekundu, nikajua umenikatalia tena, kama zamani. Safari hii sikubishana nawe.

Nisamehe ile wiki. Pumzika, Papa yangu. Nakuahidi kwamba nikikuta tena kitu chako nisichokielewa, nitaondoka kwenye kiti hiki na kwenda dirishani kuuliza watu.

Kabange wako