Nilimhamisha Mama Nipate Ukuta wa Sinema

Shangazi mpendwa, nisaidie kabla sijaizoea aibu hii, maana naona siku zinavyokwenda naanza kuipita kama mtu anavyopita meza iliyokaa vibaya sebuleni, anajibana tu anaendelea, na mimi sitaki kufika huko.

Mimi ni kinyozi, nina mke, watoto bado hatujajaliwa, na tunaishi vyumba viwili, kimoja cha kulala na kingine ndiyo sebule, ndiyo jiko mvua ikinyesha, na tangu magoti yalipomzidi mama yangu ikawa ndiyo chumba chake pia. Kitanda chake tulikiweka kwenye ukuta wa mwisho, ule usio na dirisha, kwa sababu hapo upepo haumfikii na akiamka anaweza kuushika ukuta mpaka mlango wa nje. Mama si mtu wa kusumbua. Alikuwa mpishi wa shule mpaka alipostaafu, ile sauti ya kuita darasa zima kwenye chakula haijamtoka, lakini ndani ya nyumba yangu alikuwa akiongea taratibu kama mgeni, na asubuhi anakunja blanketi lake kabla sisi hatujaamka, ili sebule ionekane sebule.

Mambo yalianzia kazini. Kinyozi anaongea, Shangazi, mkono unanyoa na mdomo nao unanyoa. Kuna mteja tunamwita Kamishna kwa jinsi anavyopenda kutoa amri, siku moja amekaa kitini akaanza kusimulia alivyofunga projekta kwake, mpira anautazama ukutani, wachezaji wana kimo cha watu wazima, na wateja waliokuwa kwenye benchi wote wakawa wanamsikiliza yeye, dukani kwangu, na sijui ni shetani gani aliyenikalia ulimini nikasema, "Hata mimi yangu iko njiani. Fainali mtaitazamia kwangu." Wakapiga makofi. Maji yakawa yameshamwagika.

Nikaenda duka la vyombo vya umeme. Muuzaji, binti mpole tu, akaniuliza, "Kaka, chumba chako kina urefu gani, na mwanga wa mchana unaingilia wapi?" Nikamwambia chumba ni kikubwa tu. Akanitazama, akasema kama ni kidogo kuna aina inayokaa karibu kabisa na ukuta, picha yake inapanda juu, mtu akipita haimpigi machoni wala hakuna haja ya kusogeza vitu, na kama nataka nafuu zaidi nichukue ndogo nikubali picha ndogo, "kwa sebule ya familia inatosha sana." Mimi macho yangu yalikuwa kwenye ile nyingine, kubwa, nyeusi, inang'aa kama kiatu cha bwana harusi, ile inayotaka kukaa mbali na ukuta ndipo picha itanuke. "Hii inataka nafasi, kaka," akasema. "Nafasi ipo," nikajibu. Nafasi haikuwepo, Shangazi. Nafasi alikuwa ameilalia mama.

Nyumbani nikajaribu kila upande. Ukuta wa dirisha, dirisha linameza nusu ya picha. Ukuta wa mlango wa nje, mlango uko katikati. Ule wa upande wa chumbani umekaliwa na kabati la vyombo. Ukabaki wa mama. Basi nikamwambia mama kwamba mwenye nyumba anataka kuutengeneza ukuta, una unyevu, na harufu ya rangi itamkaba kifua, aende kwa dada kwa muda mfupi. Mke wangu nikamwambia mama mwenyewe amewakumbuka wajukuu. Dada nikamwambia mke wangu amechoka, anahitaji kupumzika kidogo na kazi ya kumtunza mama. Kila mtu nilimpa uongo wake kama mtindo wa nywele, kulingana na kichwa.

Mama hakuuliza kitu. Alisema, "Rangi nyeupe itapendeza, chumba kitachangamka," akatia nguo zake kwenye mfuko, mto wake akauacha kwa kuwa alijua anarudi. Nikakifungua kitanda, mbao nikazisimamisha nyuma ya duka langu. Kisha ukuta nikaupaka rangi kweli, kwa mkono wangu, ili picha ikae vizuri, na nilipokuwa nikipaka nikawa najiambia angalau sasa sikumdanganya.

Fainali ilichezwa alasiri, jua limewaka. Nilipowasha, picha ilikuwa imepauka kama nguo iliyofuliwa mara mia, ikabidi nitundike blanketi dirishani na kuziba nyufa za mlango kwa shuka. Wateja walibanana sakafuni, jasho linatutiririka, feni ya mashine inavuma, lakini giza lilipokamilika, Shangazi, ukuta mzima ukawa uwanja. Walishangilia. Kamishna mwenyewe akaniambia, "Kinyozi, leo umetuweza." Nikajiona na mimi mtu miongoni mwa watu.

Katikati ya kipindi cha pili mlango ukafunguliwa. Jua likaingia, nusu ya picha ikafutika. Alikuwa mama na mkongojo wake. Nilikuja kujua baadaye kwamba alifuata mto wake, na kuangalia rangi ilivyokaa. Akaingia hatua mbili kwa mazoea, ananyoosha mkono kuutafuta ukuta, na mwanga wa projekta ukampiga usoni, wachezaji wakawa wanakimbia juu ya gauni lake na juu ya mashavu yake, naye amekinga macho kwa kiganja, haoni mtu. Kamishna akapaza sauti, "Mama, toka hapo, unaziba!" Wengine wakacheka. Mmoja akanigeukia akauliza, "Nani huyo?"

Nikasema, "Jirani."

Sikunong'ona. Natamani ningenong'ona.

 Mama akasema, "Samahanini wanangu, nimekosea mlango," akainama kuupita ule mwanga, na magoti yake yale hayainami, Shangazi, akatoka, akaufunga mlango polepole ili tusisumbuke. Mke wangu alikuwa amesimama mlangoni mwa chumba chetu na sinia la vikombe. Akaliweka sinia sakafuni, akamfuata mama bila viatu. Mimi nikabaki nimekaa. Goli likafungwa, watu wakaruka, sikuliona.

Tangu siku hiyo mke wangu ananisemesha mambo ya lazima tu, chumvi imeisha, maji yamekatika. Dada nikimpigia simu anaipokea akisema, "Karibu, jirani." Mama ndiye anayenimaliza. Nikimpigia anauliza afya yangu, anauliza kazi, anasema ukuta ameuona, umependeza. Basi. Afadhali angenitukana. Na huko kwa dada nako hakuna nafasi, mama analala na wajukuu kwenye godoro la chini, asubuhi hainuki mpaka mtoto amshike mkono huku na mwingine huku.

Sasa nimewaza hivi. Nikaliombe duka wanibadilishie hii mashine, nichukue ile ya kukaa karibu na ukuta, niiweke juu ya kabati la vyombo picha ipandie hapo hapo, au ile ndogo, kisha kitanda kirudi mahali pake, mama arudi, naye atazame pamoja nasi, na mambo yaishe polepole bila kulifukua lile neno, maana kila nikikaribia kulitamka koo linanikauka. Kwa chumba kama changu, Shangazi, aina ipi inafaa? Na je, ni lazima nilitaje?

Kinyozi asiyejitazama kiooni

SHANGAZI ANAJIBU

Kinyozi, barua yako nimeisoma mara mbili, na mara zote mbili nilipofika mahali mama yako anainama niliiweka chini kwanza nikavuta pumzi. Nakupa pole. Mtu haandiki mambo kama haya bila kujichoma, na wengi wangeyameza. Pole yangu imeishia hapo.

Tuimalize habari ya mashine, kwa kuwa ndiyo nyepesi. Umeuliza aina ipi inafaa, na yule binti wa dukani alikujibu hujatia hata mkono mfukoni. Chumba ambamo watu wanalala, wanapika na kupita hakitaki mashine ya kupiga mwanga kutoka ng'ambo. Chukua ile ya kukaa karibu na ukuta, na kama duka litakataa kubadilisha, iuze hiyo uchukue ndogo yenye picha ndogo, ununue na pazia zito ili msipikwe humo ndani kwa mablanketi. Na ukipima chumba, kipime kikiwa na watu wake, vitanda vimetandikwa. Wewe uliwatoa watu kwanza ndipo ukapima.

Lakini mwanangu, hukuniandikia kwa ajili ya mashine. Unataka kununua mashine ya pili ikakuombee radhi kwa makosa ya ile ya kwanza. Haitaweza. Mama yako atawekwa mbele ya picha nzuri, kitandani kwake, naye kila mteja wako akipita dirishani atajiuliza leo yeye ni nani, mama au jirani.

Unasema mama hataji kosa lako. Nikuambie kwa nini. Mama yule hakukosea mlango. Alisema amekosea ili wewe usiumbuke mbele ya wageni wako. Ulimkana, naye pale pale, macho yamejaa mwanga, akakusitiri. Na mpaka leo kwenye simu anakusitiri. Sasa unaniuliza kama aendelee na kazi hiyo. Hapana. Amestaafu.

Kuna jambo jingine ambalo umelipita mbio kwenye barua yako, na mimi sikulipita. Ulimwambia dada yako kwamba mkeo amechoka na ulezi. Umewahi kulirudia hilo ukalifuta? Hukuandika kwamba umelifuta. Maana yake hadi leo, huko mama analala chini na kuinuliwa na watoto, watu wa nyumba ile wanaamini aliyemchoka ni mkeo. Yule aliyetoka bila viatu kumfuata! Umejificha nyuma ya mwenye nyumba, ukajificha nyuma ya wajukuu, na mwisho ukajificha nyuma ya mkeo. Mwanamume mzima.

Basi fanya hivi. Leo, si mashine itakapobadilishwa, leo, zichukue zile mbao nyuma ya duka ukiunge kitanda mahali pake. Ukimaliza, mketishe mkeo umwambie yote, hasa ulivyolitumia jina lake. Akikasirika, mwache akasirike mpaka amalize, usimwulize kama amemaliza. Kisha nendeni kwa dada yako mchana, mkiwa wawili. Usipige simu kwanza, na usibebe zawadi, kwa sababu zawadi itampa mama kazi ya kukushukuru wakati wewe ndiye mwenye deni. Beba mto wake. Ukifika kaa chini mbele yake, dada yako akiwa anasikia, useme: "Mama, hapakuwa na mwenye nyumba wala unyevu. Niliutaka ukuta. Na siku ile nilikuita jirani." Koo likikauka, liseme likiwa kavu. Halafu nyamaza. Usijielezee habari za Kamishna na benchi. Usilie kwa sauti ukamlazimisha mama akubembeleze.

Akisema "yameisha," mshukuru, lakini ujue mama husema hivyo hata yakiwa bado. Akisema harudi, usimvute mkono na usimtumie dada kumshawishi. Mwachie mto, urudi nyumbani, na wiki ijayo uende tena, na inayofuata, na ukiwa huko uwe ndiye unayemwinua kutoka kwenye godoro asubuhi badala ya wale watoto. Huko ndiko atakakokupima.

Dada yako akikupokea tena kwa "karibu, jirani," itikia. Umelipata jina hilo kwa jasho lako, utalivua kwa jasho lako.

Linabaki duka lako. Ulimkana mama mbele ya wateja, na mbele ya wateja ndipo utakapomkiri. Usisubiri waulize. Siku Kamishna amekaa kitini na benchi limejaa, zima mashine ya kunyolea ili kila mtu asikie, useme, "Yule mliyemwambia anaziba ni mama yangu mzazi, na pale alipokuwa amesimama ndipo anapolala."   Kisha washa mashine, umalize kichwa cha mtu.